Kisu cha Kuchania Ukindu

Idarusi alipopangiwa kazi ya uafisa mifugo Kakesio, kijiji cha Wamaasai, aliondoka kwao Pangani na begi la nguo, jiko dogo la gesi, na kisu cha mama yake. Begi na jiko kila mtu aliviona. Kisu alikitia mfukoni bila kumwambia mtu.

Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini mweusi, makali yamenolewa miaka thelathini mpaka yamebaki membamba kama jani. Mama yake alikitumia kuchania ukindu wa mikeka, kutwa yuko kibarazani akisuka na jirani yake, Bi Mize. Idarusi hakukosa kisu. Maduka yamejaa visu. Alitaka kitu chenye harufu ya kwao. Alijiambia atakirudisha likizo ya kwanza.

Likizo ya kwanza iliangukia wakati wa chanjo. Ya pili, mvua zikakata barabara. Ikawa miaka miwili na nusu.

Kakesio wanaume hutembea na sime kiunoni. Siku alipotoa kisu chake kufungulia boksi la chanjo, jirani yake Mepukori aliinama kukitazama.

"Hii kisu ni ya kukata nini, daktari? Kuku?"

Watu wakacheka zizini, na yeye akacheka. Walikuwa watu wema. Seenoi, mke wa Mepukori, alimletea maziwa ya kibuyu kila asubuhi. Lakini alipofika walipokaa, waliacha Kimaasai wakahamia Kiswahili kwa ajili yake, na maongezi yakawa mafupi, maneno ya kumkarimu mgeni. Baada ya muda kidogo angeaga. Jioni aliketi mlangoni na koti zito, akimenya chungwa lililotoka Karatu, taratibu, ganda lisikatike, kama mama yake alivyomenya. Halafu alikifuta kisu na kukinusa. Harufu ya ukindu ilikuwa imekwisha zamani, ila hakuacha kuitafuta.

Mara moja tu mama yake alikitaja kwenye simu.

"Kisu changu kimeibiwa, mwanangu. Nimenunua kingine, hakichani, kinatafuna."

"Pole, mama," alisema Idarusi, na kisu kiko mfukoni. Akauliza kama paa la jikoni bado linavuja.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya zahanati. Jumamosi moja alipanda huko na Mepukori, aliyekuwa akimtafuta ndama. Ujumbe wa dada yake, Mwanakheri, uliingia. Ulikuwa umetumwa Alhamisi. Mama amefariki alfajiri, tunazika baada ya Adhuhuri.

Idarusi akakaa chini. Mepukori akauliza kuna nini.

"Mama yangu. Wamemzika juzi."

Mepukori aliegemea fimbo yake. Idarusi alianza kumweleza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, akamtaja jina. Mepukori akageuza uso. Kwao, aliyekwisha kwenda hatajwi jina. Idarusi alilijua hilo, na hakumlaumu. Lakini siku ile hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Walishuka kilima. Mepukori alimbebea koti mpaka mlangoni.

Kesho yake Idarusi alipanda gari la chanjo lililokuwa linarudi Karatu. Kwenye ukingo wa kreta, lile bonde kubwa la volkano, ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa mchana. Alifikia nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Bernadina, akafunga mlango wa chumba, akampigia dada yake.

Walilia kwanza. Kisha Mwanakheri akamsimulia mazishi: nani walikuja, nani walisoma dua.

"Na Bi Mize ndiye aliyemwosha," alisema. "Nilishangaa. Miaka miwili na nusu hawakusemezana."

"Kwa nini?"

"Hukujua? Kile kisu. Bi Mize ndiye aliyekuwa kibarazani siku kilipopotea. Mama alimwambia mbele ya wanawake wote, nirudishie kisu changu. Bi Mize akakunja mkeka wake, hakurudi tena."

Idarusi alikuwa amesimama. Akaketi kitandani.

"Ninacho mimi, dada."

"Unacho nini?"

"Kisu. Nilikichukua siku naondoka."



"Mama alisuka peke yake mpaka anakufa," alisema Mwanakheri. "Peke yake, Idarusi." Akakata.

Bernadina alipomletea chai alimkuta ameinama, viatu bado vimejaa vumbi. Hakuuliza. Aliweka kikombe, akasema, "Kunywa, kaka, itapoa," akamrudishia mlango polepole.

Asubuhi Idarusi alipata ruhusa ya siku saba, akapanda basi. Alilala Tanga mjini, akafika Pangani siku ya pili kabla ya Adhuhuri. Hakuanzia nyumbani. Alipita kaburini, kisha akaenda moja kwa moja kwa Bi Mize na kukitoa kisu.

Bi Mize alikitazama, hakukigusa.

"Mwenzangu amekufa akijua mimi ni mwizi," alisema. "Wewe utamwambia nani sasa?"

"Sijui, Bi Mize. Nisamehe."

"Mimi nitakusamehe. Lakini nenda kibarazani kwenu, waite wanawake waliokuwepo. Uwaambie wao."

Aliwaita. Walikuja watano. Alisimama mbele yao na kusema alilofanya, sauti ikamkatika mara mbili. Hakuna aliyemkemea, na hakuna aliyemwambia kwamba si neno. Bi Mize alijitanda khanga vizuri. "Basi, mmesikia," alisema, akaenda zake kabla ya kahawa kuletwa. Mwanakheri alimsemesha kaka yake siku ya tatu, na hata hapo ilikuwa kumwita chakulani. Kisu Idarusi alikiacha kwa dada yake, ndani ya kikapu cha mama.

Alipofika tena Karatu, alisimama stendi na begi lake. Safari zote za nyuma za kuja Karatu kikazi, akishuka tu, alimpigia mama yake kumwambia amefika. Alishika simu muda, kisha akapiga namba ya Bi Mize.

"Nani?"

"Idarusi. Nimefika Karatu, Bi Mize. Nilitaka tu kukuarifu."



"Haya," alisema Bi Mize. "Na huko kuna baridi?"

"Ipo. Nyingi."

"Vaa koti." Kisha akaongeza: "Huku leo imenyesha tangu asubuhi."

Hakukata simu. Idarusi naye hakukata. Akasogea pembeni ya ukuta, mbali na kelele za mabasi, amsikie vizuri.