Bei ya Kanisa

Mara ya tatu uzi ulipita kando ya tundu la sindano. Peris aliulowesha kwa mate, akausokota, akasogeza kigoda kulifuata jua lililokuwa likihama kibarazani. Uzi ukaingia. Akakiinamia kitambaa cha meza na kuendelea kushona shingo ya korongo.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Kitale. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba bila miwani, kazi ya sindano inaelekea ukingoni. Ndiyo maana safari hii Peris alikuwa amepiga hesabu ya kitambaa, nyuzi na siku nzima za kuinama, akapata bei yake.

Alasiri Wakoli, msaidizi wa mheshimiwa mmoja wa kaunti, alifika kutoka Bungoma. Hakuketi.

"Mama Joy, korongo wako amemletea mheshimiwa sifa Tongaren nzima."

Peris alikuwapo. Kwenye harambee ya kanisa kitambaa chake kilinadiwa baada ya jogoo na mkungu wa ndizi. Mheshimiwa alikichukua kwa elfu kumi na tano, kina mama wakapiga vigelegele.

"Sasa anataka vingine thelathini, vya wageni wa ofisi. Bei ni ileile."

Sindano ilisimama. "Ya mnada?"

Wakoli alicheka mpaka akashika mlango. "Mnada ni wa Mungu, mama. Bei ni ile uliyouzia kanisa. Mia nane."

"Hiyo ilikuwa ya kitambaa na uzi. Mkono niliutoa sadaka."

"Sadaka haina bei. Wewe ulitaja bei, mama mchungaji ameniambia."

"Bei yangu ni elfu mbili na mia tano."

"Ati? Bungoma kuna mashine, inashona ndege kumi kabla chai ichemke."

"Si uende kwa mashine basi."

"Mheshimiwa anataka ya mkono." Alisema polepole. "Na kina mama wa kule Kwanza, karibu na hapa, wanaomba mia sita. Hao macho yao bado mazuri."

Peris aliinua uso. Habari za macho alikuwa amemwambia mama mchungaji peke yake, wakiomba.

Wakoli aliweka noti chache juu ya kitambaa, malipo ya vitano vya kwanza kwa mia nane. "Zingine kaunti ikilipa." Kisha akatoa risiti. Haikuwa imeandikwa kitu. "Weka sahihi chini. Huku juu tutajaza wenyewe."

"Mtajaza ngapi?"

"Mama Joy, wewe shona."

Mstari hakuuona vizuri. Wakoli akamwonyesha kwa kidole, na kidole hakikuondoka mpaka jina lilipokwisha.

Gari lilipoondoka, jua lilikuwa limeshapita ukuta wa jirani. Uzi ulimwishia kwenye shingo ya korongo. Alijaribu kutunga mwingine, akajaribu tena. Mwishowe akaichomeka sindano tupu pale kichwa kitakapoanzia, akakunja kitambaa.

Korongo alilala bila kichwa, akisubiri jua la kesho.