Mapanga Yaliyonyimwa Moto wa Pili

Albertine alijifunza uhunzi kwa sababu ya vita. Kabla ya hapo baba yake, Godefroid Okito, alikuwa akifua vyuma katika karakana ya reli mjini Kindu, na hakuna aliyewaza kumkabidhi msichana nyundo. Lakini treni zilipoacha kuja, karakana ilifungwa, kaka zake wakakimbilia Lubutu, na mzee akavusha fuawe yake kwa mtumbwi hadi Alunguli, ng'ambo ya mto. Huko alisimamisha kibanda cha mabati, akawasha makaa. Wa kuvuta mivukuto alibaki binti yake tu, msichana wa miaka kumi na saba mwenye mikono myembamba na ubishi usiokwisha.

Chuma hawakukikosa. Malori yaliyokufa barabarani yalikuwa na resori, zile bapa za feleji zinazobeba uzito wa gari. Godefroid alizikata vipande, akavitia motoni mpaka vikaiva rangi ya chungwa, akavifua kuwa majembe. Alimfundisha Albertine kusoma rangi. Feleji iliyoiva, ukiichovya ghafla, inakuwa ngumu sana, lakini pigo moja linatosha kuivunja. Lazima irudi motoni mara ya pili, juu ya makaa yaliyotulia, mpaka bluu hafifu itambae kwenye uso wake. Hapo ndipo inapokubali kupinda bila kukatika.

"Ukiruka moto ya pili," alimwambia, "haukufanya jembe. Umefanya chupa."

Asubuhi moja watu wenye bunduki walisimama mlangoni. Mkubwa wao, waliyemwita Kapiteni, alitupa rundo la resori chini.

"Mzee, nataka mapanga. Mingi. Risasi zinatuishia. Siku ya Ijumaa narudi kuyachukua."

"Ya kulima, shefu?"

Kapiteni alicheka. "Wewe mwenyewe unajua haiko ya kulima. Tunapanda njia ya Pangi."

Akaondoka, akaacha walinzi wawili barabarani. Godefroid alikaa juu ya gogo, mikono imening'inia. Njia ya Pangi ilikuwa na vijiji tangu mwanzo mpaka mwisho, na katika vijiji hivyo waliishi ndugu za marehemu mke wake. Kukataa kulikuwa kufa, yeye na mtoto wake. Kutoroka, walinzi walikuwa pale pale. Mwishowe aliinuka, akasema, "Vuta moto."

Walifanya kazi mpaka jioni. Mapanga ya kwanza yalipochovywa majini na kupoa, Albertine alianza kusambaza makaa ili ayarudishe. Baba yake akamshika mkono.

"Acha."

"Papa, bado hatujayarudisha."

"Ninajua." Aliwatazama walinzi waliokuwa wakicheza karata, akashusha sauti. "Ninajua, mama."

Albertine alielewa. Alichukua mchanga na tambara, akaanza kuyasugua mapanga mpaka yang'ae, kwa maana alitaka yapendeze kuliko yote waliyowahi kufua.

Akiwa anasugua, akawaza jambo ambalo baba yake hakuliwaza. Kapiteni hangeondoka bila kujaribu. Kesho yake, mzee aliposhuka mtoni kuoga, Albertine alilaza panga moja juu ya makaa. Alisubiri bluu itokee, akaliacha lipoe, akaisugua ile rangi mpaka likafanana na mengine, kisha akaligonga alama ndogo karibu na mpini ili alitambue. Hakumwambia mtu.

Ijumaa Kapiteni alifika na kundi lake. Alitazama rundo, akapiga mluzi wa kuridhika, kisha akainama kuchukua panga. Albertine alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, amelishika lile lenye alama kwa mikono miwili.

"Hili njo bora, Kapiteni. Nimelinoa mimi mwenyewe kwa ajili yenu."

Godefroid, ambaye hakujua lolote, alifumba macho. Kapiteni aligeuka, akaipiga nguzo ya kibanda kwa nguvu zake zote. Panga lilizama kwenye ule mti mgumu. Akalipinda huku na huku, akalichomoa, akalipitishia kidole ukingoni. Halikuwa na pengo.

"Mzee, unajua kazi," alisema. Akalichomeka lile lile kiunoni mwake, na watu wake wakabeba yaliyobaki.

Walipopotea kwenye kona ya njia, wale walinzi wawili pamoja nao, Godefroid alimgeukia binti yake. "Umefanya nini?"

"Nililirudisha moja, Papa. Moja tu."

Godefroid alimkumbatia mpaka akamwumiza. Adhuhuri ileile walichukua nyundo na koleo, wakaiacha fuawe, wakaingia mtumbwini na kushuka na mto Lualaba mpaka Lokandu. Njia nzima Albertine aliwaza lile panga zuri lililoondoka kiunoni mwa Kapiteni. Lilimkaa rohoni kwa miaka mingi.

Huko Lokandu waliishi kwa kufua ndoano na visu vya kupasulia samaki. Habari ziliwafikia vipande vipande. Mapanga yalikatika. Kapiteni alikuwa akimtafuta mhunzi wa Alunguli. Halafu vita vikatulia, na wakarudi nyumbani wakaikuta fuawe imezama kwenye majani, nzima.

Jina lao ndilo halikuwa zima tena. Wapiganaji wale walikuwa wametangaza kila mahali kwamba feleji ya Godefroid inapasuka kama chupa, na mji mzima ukaanza kumwita Papa Chupa. Mtu akitaka jembe, alikwenda kwa mhunzi mwingine. Albertine alitaka kusimama sokoni aseme ukweli. Baba yake alimkatalia, kwa sababu baadhi ya wale watu walikuwa bado wakitembea mjini na bunduki. Baadaye, hata walipotawanyika, aliendelea kukataa.

"Kuna vijiji walivyoingia na bunduki, wakaua," alisema. "Nitajisifu mbele ya watu ya kule?"

Kwa hiyo mzee alibaki akiziba sufuria, na Albertine akaendelea kujifunza. Alijifunza kuunga chuma kwa umeme, alijifunza mashine ya kukereza, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume. Karakana ile ya Alunguli ikawa yake. Wateja walikuja mmoja mmoja, wengi wao vijana wasioijua hadithi, au wageni kutoka Tunda waliotaka mashine za kukamua mawese.

Zaidi ya miaka ishirini ikapita namna hiyo. Kisha, msimu uliopita wa mvua, balenieri kubwa, boti ya mbao inayovusha watu kati ya Alunguli na Kindu ilikatika shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha helisi ya kusukumia chombo chini ya maji. Shafti mpya ingetoka mbali sana. Wagonjwa, wanafunzi na akina mama wa soko wakabaki na mitumbwi, na mto ulikuwa umejaa. Ferdinand, mwenye chombo, alikuja karakanani akiwa na rubani wake Ayoubu na kundi la watu waliokwama ng'ambo hii.

"Mama Albertine, unaweza?"

"Ninaweza. Iko ekseli ya behewa pale nyuma. Ile feleji ni nzuri."

Ayoubu alikohoa. "Shefu, samahani. Hii njo nyumba ya Papa Chupa. Shafti ikikatika katikati ya mto, nani atanitoa?"

Godefroid alikuwa ameketi pembeni, mzee sana sasa, macho yamefifia kwa miaka ya moto. Ferdinand hakuzunguka. Alichuchumaa mbele yake, akamwuliza kwa heshima:

"Papa, yale mapanga, kwa nini yalikatika?"

Albertine alidhani baba yake atanyamaza kama siku zote. Lakini mzee alimtazama Ayoubu, akautazama mto.

"Yalikatika kwa sababu nilitaka yakatike," alisema. "Niliyanyima moto ya pili. Walikuwa wanapanda njia ya Pangi."

Mwanamke mmoja katika lile kundi aliweka chini kapu lake la muhogo. Aliitwa Élisabeth, mfanyabiashara wa soko, na Albertine alimjua kwa sura tu.

"Nilikuwa nyuma ya mulango, kule njia ya Pangi," alisema polepole. "Mimi na mama yangu na wadogo zangu. Walipiga mbao kwa mapanga, tukasikia yanakatika, wanatukana. Tulitokea nyuma, tukaingia porini. Miaka yote hii nilisema ni Mungu."

"Hata mimi ninasema ni Mungu," Godefroid alijibu. Élisabeth akamshika mikono miwili.

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Ferdinand mwenyewe alivuta mkaa, Ayoubu akashika upande wa pili wa ekseli. Waliipasha moto sehemu kwa sehemu, wakaifua iwe nyembamba na ndefu, wakaiacha ipoe taratibu, kisha Albertine akaikereza mpaka ikanyooka. Kwa kuichovya aliunga mapipa mawili, akayajaza mawese ya zamani. Feleji nyekundu iliposhuka wima ndani yake, moshi ulipanda na Alunguli yote ikanukia chakula. Halafu ukaja moto wa pili. Mzee hakuweza kuona rangi, kwa hiyo binti yake alimwambia kila inapobadilika: majani makavu, kahawia, zambarau, bluu.

"Sasa," alisema Godefroid, na Albertine alikuwa ameshaitoa.

Siku ya kujaribu, alipanda yeye na baba yake na Élisabeth na kapu lake. Katikati ya Lualaba, pale mkondo unapovuta sana, Ayoubu aliongeza moto wa injini. Mbao zilitetemeka, chombo kikasita, kisha kikaukata mkondo na kwenda. Godefroid aliweka kiganja chake sakafuni, akasikiliza kwa mkono, akaanza kutabasamu.

Walipogusa ukingo wa Kindu, watu walipiga kelele za furaha na Ferdinand akaja akitaka kumshukuru Albertine. Alimkuta amelala kifudifudi kwenye balenieri ya jirani, kichwa kikining'inia upande wa nyuma wa chombo karibu na maji, akiikagua shafti yake.

"Na hii nayo iko na kutu," alisema bila kuinuka. "Mwambie mwenyewe ailete kesho."