Mkia wa Santuri

Kwa kina Enesi, mtu akiita jina lako mara moja, huitiki. Unatulia, unasubiri mwito wa pili, maana marehemu huita mara moja tu. Ndivyo mama alivyowalea, na watoto wa nyumba ile walikua wakiitana mara mbili mbili mpaka majirani wakawachoka. Luka, kaka mtu, ndiye aliyezidi. "Enesi! Enesi, we!" hata kama dada yake amesimama mbele ya pua yake.

Huyo Luka alikuwa na gitaa la kuazima na kichwa kigumu. Miaka ile ya sabini alivuka mpaka pale Tunduma, akajiunga na vijana wa Zambia waliopiga roki, bendi yao ikiitwa Umulilo, yaani moto kwa Kibemba. Baada ya hapo, kimya. Kisha siku moja baba akarudi kutoka Tunduma na santuri kwapani, na juu ya jalada alikuwa Luka mwenyewe, nywele kichaka, suruali pana kama sketi. Mwuzaji alimwambia baba kuwa redio za ng'ambo hazipigi kingine siku hizi.

Wakaazima gramafoni kwa katekista, ambaye alivumilia kelele zile kwa ajili ya Bwana. Wimbo wa mwisho ulipokuwa unazama, magitaa yakinyamaza moja moja, sauti ya Luka ikaita, "Enesi!" Wakasubiri mwito wa pili. Sindano ikakwaruza pasipo na kitu.

Mama alipiga yowe, na nyumba nzima ikaelewa. Matanga yakawekwa. Mwili haukuwepo, basi wakazika shati lake la shule kando ya mibuni, wakasimamisha msalaba wa mbao wenye jina lake.

Mwaka uliofuata, jioni moja ya ukungu, Enesi na mama wakiwa barazani wanapukuchua mahindi, sauti ikatoka kwenye mibuni. "Enesi!" Msichana alishafungua mdomo, mama akauziba kwa kiganja kilichojaa vumbi la mahindi. Wakasubiri hadi mikono ikafa ganzi. Mwito wa pili haukuja. Asubuhi wakakuta nyayo za viatu kutoka njiani hadi msalabani. Zaidi ya hapo palikuwa pametandazwa majani makavu ya migomba, hapakuwa na alama. Mama akasema, si mnaona, amerudi kwake kulala.

Mama naye alishakwenda zamani, lakini kiganja kile hakikuondoka mdomoni mwa Enesi. Msalaba kila mchwa walipoula, alichonga mwingine. Palizi ikifika, akiinama peke yake kwenye mibuni, alisikia jina lake, mara moja, nyuma ya bega. Alikuwa bibi sasa, na aliogopa, waziwazi kabisa aliogopa, siku atakayochoka kunyamaza akaitika na kuchukuliwa.

Ndipo akaja Raudha, mwanamke wa kutoka mji wa Mpemba, karibu na Tunduma, anayenunua santuri kuukuu na kuwauzia Wazungu kwa simu. Alikuwa amesikia kwamba kuna bibi huku Mbozi ana Umulilo. Aliigeuza santuri ya Enesi mkononi, akaguna kwa adabu.

"Shikamoo yangu ilikuwa kubwa kuliko mzigo, bibi. Hii ni chapa ya pili, lebo nyekundu. Ziko nyingi." Akachomoa nyingine mkobani. "Inayotafutwa ni hii, ya kijani. Chapa ya kwanza. Walichanga wenyewe, wakatoa chache. Ilipovuma, kampuni ikaichapa upya na kuchomeka wimbo mmoja zaidi. Nafasi ikawa finyu, wakakata mkia wa wimbo wa mwisho."

"Mkia gani, mwanangu?"

"Maneno ya utani tu. Subiri."

Raudha alikuwa na gramafoni ndogo ya betri. Alishusha sindano mwishoni kabisa. Magitaa yakazama. "Enesi!" Kikapita kimya, mtu akacheka kwa mbali, kisha, "Enesi, we! Bandika chai, naja!"

Enesi alishika ukingo wa kiti. Hakulia. "Nani kakuuzia hiyo?"

"Mzee mmoja hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyekuwa mpiga drams wao. Yeye ndiye aliyemzika huyu mwimbaji, alipokufa kwa kifua miaka ya themanini. Anasema jamaa alikwenda kwao mara moja tu, akarudi siku ya pili, na gitaa hakuligusa tena. Wakimwuliza ndugu zake wako wapi, alikuwa anajibu, 'Kwetu walishanizika.' Wakajua ni mzaha wake." Raudha akainua sindano. "Bibi, kwani Enesi ni nani?"

Enesi alikuwa akiutazama msalaba kupitia mlangoni. Mtu akitoka njiani kuja nyumbani, kwenye ukungu, huita kwanza ili asiwashtue wenyeji. Anasogea hatua chache, anavuta pumzi aite tena. Na pale anapovuta pumzi ndipo msalaba ulipo, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, rangi ingali mpya.

"Alikuwa mzima," Enesi alisema. "Mama, alikuwa mzima. Tulimnyamazia mtu aliye hai."

"Rudisha sindano mwanzoni mwa wimbo," akamwambia Raudha, na Raudha akarudisha. Enesi akatoka nje. Aliukumbatia msalaba kama mtu anayeng'oa muhogo, akautikisa, akautoa na udongo wake. Akauvunja kwa goti na shoka, akavichomeka vipande katikati ya mafiga, akawasha moto, akabandika sufuria juu. Ndani ya nyumba magitaa yalikuwa yanazama. Sauti ikaita mara ya kwanza. Enesi akatulia, kama alivyofundishwa. Ikaita mara ya pili.

"Abee, kaka!" akapaza sauti, kuku wakatimka. "Chai iko motoni."