Kuni za Nikanor

Tangu afiwe na mumewe, Kapitolina alikuwa ametoa ahadi moja tu, mezani, binti yake Rimma akisikia: siku kuni za Nikanor zitakapokwisha, atafunga nyumba na kuhamia kwake mjini Arhangelsk. Nikanor alikufa akiwa amejaza banda zima kuni za mti mweupe, kavu, zimepasuliwa na kupangwa mpaka darini. Rimma alilitazama lile banda, akapiga hesabu za mtu wa mjini, akaona majira mawili ya baridi, basi. Akakubali.

Sasa majira ya tatu yalikuwa katikati, na banda bado lina kuni.

"Mama, kweli unazichoma?" Rimma alikuwa akiuliza kwenye simu. "Usije ukawa unaganda humo ndani."

"Nachoma, mbona. Baba yako alikata za kutosha, na mimi najua kutumia."

Alijua kutumia, hilo halina ubishi. Kapitolina alikuwa mkono wa birika, na alijivunia kama wengine wanavyojivunia uzuri. Kila asubuhi alibeba kuni za kukumbatia, akaziingiza jikoni mojamoja kama anayelisha mtoto mgonjwa. Alikuwa hajamaliza kumlilia mzee wake. Kuni zile zikiwaka, alihisi bado yupo mtu anayemjali, na hilo hakumwambia Rimma.

Kule kijijini Zaruchye, theluji ikishafunga barabara, nyumba zenye moshi zilibaki mbili. Moja ni yake, na ya pili juu kidogo ya njia, ya Yevsei, aliyekuwa akivua samaki na Nikanor tangu wote wawili wana meno yao. Yevsei alikuwa mjane pia, mrefu, mzito, mwenye ndevu ambazo Kapitolina alisema zingefaa kuziba nyufa za dirisha. Kila asubuhi alipita na kigari chake cha kukokota kwenye theluji kwenda kisimani, kwa kuwa kisima kiko mteremkoni, kupita nyumba ya Kapitolina, na kila asubuhi walichokozana.

"Shemeji, kuni unazichoma au unazitazama tu?"

"Nazichoma kwa akili. Wewe dohani yako inafuka kama gari moshi. Utalala na baridi kabla ya masika."

"Bora hivyo. Wewe ukishahamia mjini, nitakuja kuchoma na ukuta wako."

Alisema hivyo akicheka, kisha akavuta kigari haraka. Kapitolina hakuwahi kujiuliza kwa nini kicheko kile kilikuwa kifupi.

Kuamkiana kwao kwa kweli kulikuwa moshi. Kabla ya kunywa chai, kila mmoja alichungulia dirishani kutazama dohani ya mwenzake. Moshi ukipanda, mwenzako ameamka mzima, nawe uendelee na mambo yako. Wazee wao walifanya hivyo, na wazee wa wazee wao.

Wiki ile baridi ilikuja ya kupasua miti. Ukitema mate yanafika chini yameshakuwa barafu. Asubuhi moja Kapitolina alichungulia, akaona moshi wa Yevsei, akaridhika, akaenda nyuma kumkamua mbuzi. Aliporudi, moshi haukuwepo.

Alisimama na ndoo mkononi. Jiko kubwa la matofali huwashwa mpaka kuni zigeuke makaa, na makaa yaachwe mpaka uishe kabisa ule ulimi wa moto wa bluu. Hapo ndipo unapofunga kifuniko cha dohani, joto lisitoroke. Ukifunga mapema, makaa yanatoa sumu isiyo na harufu, na unalala usingizi usio na asubuhi. Hata mtoto wa Zaruchye anajua hilo. Waliokufa nalo walijua pia, ila walitaka joto kidogo zaidi.

"Labda kuni zake zimeungua upesi," alijiambia. Akamenya viazi. Aliona aibu kwenda kumgongea mtu kwa sababu ya moshi, kama mke anayechunga mume. Lakini viazi vikaisha, na kigari cha maji kilikuwa hakijapita. Hapo roho ikamruka. Akavuta shali, akavaa mabuti yake ya sufu, akapanda njia mbiombio na magoti yake yote mawili mabovu.

Mlangoni kwa Yevsei hakukuwa na fimbo. Kule hakuna kufuli. Mtu akitoka huegemeza fimbo mlangoni, na wote wakajua hayupo. Hakuna fimbo, basi Yevsei yumo. Kigari kilisimama kando ya ngazi, kimefunikwa gunia, na Kapitolina alikiruka bila kukitazama.

Aliusukuma mlango. Ndani kulikuwa na joto zuri, tulivu. Yevsei alikuwa chini karibu na benchi, buti moja mguuni, la pili mkononi, uso mwekundu kama wa mtu mwenye afya. Kapitolina alibana pumzi, akavuta kifuniko cha dohani kikafunguka, akakimbia nje kuvuta hewa, akarudi. Kumwinua asingeweza. Akamviringisha kwenye mkeka wa matambara aliofuma marehemu mke wake, akashika ncha, akavuta.

"Nisaidie, mzigo wewe," alimwambia, akilia. "Nisaidie hata kidogo."

Kizingiti kilimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili kilikubali. Alipomfikisha ngazini alimsugua theluji usoni, shingoni, kifuani, akamwita kwa jina, akamwita shemeji, akamwita mpumbavu. Hatimaye Yevsei alikohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Funga mlango," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Joto linatoka."

Kapitolina alitaka kumzaba kofi. Badala yake aliingia kumletea koti, kofia na buti la pili, akapita bandani kwa Yevsei kutafuta blanketi la farasi alilojua lipo. Blanketi lilikuwepo. Kuni hazikuwepo. Pembeni yalilala matawi machache ya msonobari, mabichi, yenye barafu kwenye magome. Kumbe ndiyo maana alifunga mapema: kajoto kake kalikuwa kadogo, akakaonea uchungu.

"Yevsei, kuni zako zimekwenda wapi?"

"Zimeungua. Si ulisema nafuka kama gari moshi."

Kapitolina alimvalisha, kisha akavuta kigari ampakie, maana njia ya kwake ni mteremko. Akalitoa gunia. Chini yake palikuwa na kuni za mti mweupe, kavu, zimepangwa vizuri. Akashika ubavu wa kigari azimwage.

"Usizimwage hizo," Yevsei alisema upesi.

"Kwa nini?"

Yevsei akatazama theluji.

Kapitolina aliinua gogo moja. Lilikuwa fupi, la urefu wa kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Jiko la Yevsei lina mdomo mpana na hula magogo marefu kama mguu wa mtu. Jiko lenye mdomo mdogo Zaruchye nzima lilikuwa moja, na Nikanor ndiye aliyekuwa akilikatia kuni fupi hivi. Kapitolina alisimama na lile gogo, akaiona kila asubuhi aliyokuwa nyuma akimkamua mbuzi, kigari kikipitia bandani mwake kabla ya kwenda kisimani.

"Za Nikanor zilikwisha lini?"

"Mwaka jana, kabla theluji haijayeyuka."

"Na wewe ukaniacha nijisifu kwa mwanangu."

"Ulisema zikiisha unaondoka." "Mimi ningetazama moshi wa nani, Kapa?"

Mumewe tu ndiye aliyewahi kumwita Kapa. Kapitolina alikaa kwenye ngazi, akalia mbele yake bila kujificha, kwa ajili ya Nikanor ambaye alikuwa ameondoka kweli, na kwa ajili ya huyu aliyekuwa karibu kuondoka asubuhi hii hii. Kisha akapangusa uso na shali. Hakuzimwaga kuni. Alizisukuma mbele, akamketisha Yevsei nyuma yake, akavuta vyote pamoja.

"Watu watasema nini?" Yevsei alinung'unika njiani.

"Watu gani? Mbweha?"

Jioni Yevsei alikuwa amelazwa juu ya jiko la matofali la Kapitolina, pale wazee wa kule hulala kupata joto, kichwa kinamgonga, akinywa chai ya jamu. Simu ikalia.

"Mama, huko baridi kali, nimesikia. Kuni za baba bado zipo?"

Kapitolina alitazama mdomo wa jiko, magogo mafupi yakiwaka.

"Za baba yako zimekwisha, mwanangu. Zimekwisha zamani."

"Basi, mama, ahadi ni deni. Nikufuate lini?"

Juu ya jiko kikombe cha Yevsei kilisimama hewani.

"Njoo barabara ikifunguka," Kapitolina alisema. "Uje na msumeno, na mumeo. Tuko wawili hapa, tunahitaji kuni."