Nazi za Chuma

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maneno hayo yangeandikwa kwenye lango la kile kiwanda cha chuma, kwa herufi kubwa kabisa, labda yangemsaidia Bwana Tanuri. Au yasingemsaidia. Mtu mwenye kiburi hasomi malango.

Jina la Bwana Tanuri alipewa na wenzake, naye alilivaa kama koti la harusi. Miaka ishirini na saba alisimama mbele ya tanuri la makaa ya mawe, akitazama rangi ya moto na kusema "Bado" au "Fungueni," na chuma kikimiminika kama uji. Hakuhitaji kipimo chochote. Moshi wake ulijaza anga, na masizi yakaangukia mtaa mzima wa nyuma ya ukuta. Siku moja akina mama wa mtaa huo walikuja langoni kulalamika kwamba nguo zao hazitakati. Nani alitoka kuwajibu? Yeye. "Asiyetaka masizi ahame!" Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Basi dunia ikageuka. Wanunuzi wa nondo wakaanza kuuliza: chuma hiki kimeunguza makaa kiasi gani? Kimetoa moshi kiasi gani? Wasiporidhika, wanakwenda kwingine. Kiwanda kikalizima tanuri la makaa, kikajenga la umeme, linaloyeyusha vyuma chakavu. Ndiyo, vyuma chakavu: bodi za magari, mabomba, vitanda, majembe yaliyoisha makali. Moto wake unasomwa na kompyuta. Kazi iliyobaki ni kuzisoma takataka kabla hazijaingia.

Bwana Tanuri, aliyebakiza miezi saba astaafu, akapelekwa uwanja wa chakavu kuchambua. Hilo peke yake lilimkera mpaka akawa hazungumzi mezani kwake. Lakini asubuhi ya kwanza alipomwona mkandarasi aliyeletwa kuwafundisha, aligeuza uso. Alikuwa mume wa dada yake.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye kidonda. Miaka kumi na tisa nyuma, mtu huyu alikuja kuposa. Kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni mitaani akinunua vyuma vibovu. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la kaka, na kaka alilitoa pale pale mlangoni, bila hata kumkaribisha mgeni kiti: "Dada yangu hatalishwa na muokota makopo." Dada akaolewa hivyo hivyo. Kaka hakwenda harusini, hakwenda alipojifungua, hakwenda popote. Ukimuuliza habari za dada yake atakujibu, "Dada? Dada gani?"

Sasa muokota makopo amesimama juu ya lundo, sumaku imening'inia shingoni kwa kamba, na shifti nzima inamwita Mwalimu.

"Kwani nyie mnafahamiana?" dereva wa kreni akauliza, maana aliona wanavyotazamana.

"Simjui," Bwana Tanuri akajibu upesi.

"Hatujuani," Mwalimu akasema naye, akaligeukia lundo lake.

Mtu mnyime chakula, usimnyime sifa yake: alikuwa fundi. Anagonga bomba kwa nyundo, anasikiliza, anakuambia limetoka kwenye nini. Adui yake alikuwa shaba. "Shaba ikishaingia kwenye tanuri haitoki tena," aliwaambia. "Mkija kupiga nondo, chuma kinapasuka." Akaokota mota ya friji, dude jeusi la mviringo lililozibwa pande zote. "Hii mimi naiita nazi. Sumaku inalishika ganda, unadhani ni chuma kitupu, kumbe shaba iko ndani. Kila nazi ivunjwe, waya utolewe, ndipo ganda liende motoni." Kisha akamgeukia Bwana Tanuri. "Mzee wangu, pipa hili la nazi nakuachia wewe. Zimo kama arobaini. Ukimaliza, tia alama ya chaki." Akamkabidhi nyundo kwa mikono miwili.

Kwa mikono miwili! Lakini moyo wenye kinyongo hata salamu huisikia tusi. Mwalimu alipokwenda na wengine kupokea lori, Bwana Tanuri alivunja nazi tatu. Jasho likamtoka, kiganja kikavimba. Dereva wa kreni akapita akielekea kwenye kibanda chake cha juu, akatania, "Ala! Bwana Tanuri, leo unapika nini na nazi zote hizo?"

Ndiyo ikawa basi. Akasubiri dereva apande, akaitupa nyundo, akachukua chaki, akachora alama kubwa nyeupe kwenye pipa. Kreni ikashuka, ikalibeba. Alijua alichofanya, tusimtafutie udhuru. Alitaka muokota makopo aumbuke, basi.

Siku ya tatu nondo zikatoka zina nyufa kama kisigino cha mtembea pekupeku. Maabara ikapima: shaba. Chuma cha kutwa nzima kikawekwa kando, hakiuziki. Meneja, mama mmoja asiyepandisha sauti hata akikasirika, akawakusanya wote uwanjani.

"Mkataba wa Mwalimu unasema wazi," alisema. "Shaba ikipita, mkataba umekwisha. Lakini nataka kujua kwanza. Alama ya chaki aliitia nani?"

Dereva wa kreni akakohoa, akatazama juu. Bwana Tanuri akatazama viatu vyake. Miezi saba tu!

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Wewe mwenyewe?"

"Lundo ni langu, mama. Lawama ni yangu."

Wala hakumtazama Bwana Tanuri. Laiti angemtazama, angalau kwa hasira, mwenzake angepata mahali pa kushika. Alikusanya nyundo na tupa yake, akavitia kwenye mfuko, kisha akampitia karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Chini ya lundo la pili kuna nazi kumi na moja nyingine. Zisisahaulike." Ametoka kufukuzwa, na bado anawaza kazi.

Kwa nini alimfichia? Bwana Tanuri alijua, na hapo ndipo palipomchoma. Mtu yule alikuwa anamstahi kaka wa mke wake. Miaka kumi na tisa Mwalimu alikuwa na shemeji, ila shemeji mwenyewe ndiye hakuwapo.

Saa ya kubadilishana zamu ilifika. Langoni palikuwa na foleni mbili, wanaoingia na wanaotoka, na Mwalimu alikuwa katikati yao akirudisha kitambulisho.

"Shemeji!"

Hakugeuka. Hakudhani anaitwa yeye.

"Shemeji!" Bwana Tanuri aliita tena, sauti ikampasuka. Foleni zote mbili zikageuka, na meneja akasimama kwenye ngazi za ofisi. "Zile nazi nilizipitisha mimi. Chaki niliitia mimi. Sikukosea, nilifanya makusudi. Na huyu namjua. Ni mume wa dada yangu."

Mtu mmoja akacheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akaacha.

Meneja akashuka ngazi. "Wewe rudisha kitambulisho," akamwambia Bwana Tanuri. "Tutakuita." Halafu akamwambia Mwalimu, "Na wewe chukua chako. Kesho saa moja."

Mwalimu akakipokea, akakigeuzageuza mkononi. "Ulibakiza miezi saba tu," alisema. "Mjinga wewe."

"Najua."

"Usiniombe radhi mimi. Kamwombe mwenye haki yake."

"Nitakwenda leo. Nitakwenda sasa hivi." Bwana Tanuri alipiga hatua mbili, akasimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, na wenzake wa miaka ishirini na saba wakimwangalia. Ilibidi aulize, mbele yao wote. "Shemeji... kwani mnakaa wapi?"

Mwalimu akainua mkono, akaonyesha juu ya ukuta wa kiwanda. Upande wa pili, kamba ya nguo ilionekana, na shuka nyeupe zikipepea.

"Pale," alisema. "Tangu tuoane. Siku ile ulipowaambia wahame, alikuwapo. Alijificha nyuma ya wenzake ili usimwone."

Bwana Tanuri akazitazama zile shuka.

"Nenda," shemeji yake akamwambia, "kabla hajaanua."