Ndoo Nne za Justina

Mimi ndiye mpishi wa matango. Watu hucheka nikisema hivyo, na wacheke, lakini kwa miaka ishirini na miwili nimechanganya chakula cha mimea katika nyumba za kioo za Nevio Colautti, hapa Leamington, mji wa nchi ya baridi, na hakuna mche hata mmoja uliowahi kulala njaa mikononi mwangu. Matango yetu hayaujui udongo. Yanakula maji yenye chumvi za mbolea, tone kwa tone, na maji yanayobaki hurudi tangini, nikayaongeza nguvu, yakaenda tena. Nina kipimo changu cha chumvi. Nakitumbukiza majini, kinanipa namba, na namba hiyo ndiyo imani yangu siku sita za wiki. Ya saba naenda kanisani.

Ubaya wa maji yanayozunguka ni kwamba mgonjwa mmoja huambukiza wote. Januari mizizi ya Nyumba ya Saba ilianza kuoza, ikawa ya kahawia na kunuka. Tukatia dawa, wapi! Nevio alikuwa tayari kuifunga nyumba ile mpaka kiangazi, ndipo akaja Justina, binti wa kaka yangu, na mashine yake.

Justina ni wa kwanza katika ukoo wa Wiebe kwenda chuo kikuu, na kaka yangu, aliyetaka abaki nyumbani, hajamaliza kununa mpaka leo. Alikuja na gari lililojaa mabomba ya kioo. Katikati ya kila bomba palikuwa na taa ya ule mwanga usioonekana kwa macho, na kuizunguka taa kulikuwa na wavu wa chuma uliopakwa unga mweupe na kuunganishwa na waya wa umeme.

"Mwanga unauchokoza huu unga, Shangazi," akanieleza, "na umeme unauzuia usitulie. Basi oksijeni iliyomo majini inageuka kali. Inaishi kufumba na kufumbua tu, lakini ikikutana na kijidudu inakiunguza hapo hapo."

"Oksijeni yenye hasira," nikasema.

"Ee. Kama wewe kabla ya kahawa."

Everton, msimamizi wa wavunaji, Mjamaika asiyeweza kupitwa na kichekesho, alicheka mpaka ikambidi aweke bomba chini. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa adabu. Kisha Justina akaomba jambo jingine.

"Kila wiki tupeleke maji maabara, wapime kila kilichomo, kimoja kimoja."

"Ya nini? Kipimo ninacho."

"Hicho kinapima jumla, Shangazi."

"Wewe mtoto, nilianza kuyapima maji haya ukiwa bado na nepi."

Nevio alikuwa amesimama mlangoni anatafuna mbegu za alizeti. Akasema, kama Neta anasema kipimo kinatosha, basi kinatosha. Justina akarudi kwenye mabomba yake. Nami, nikiri tu, nilifurahi.

Mashine ilifanya kazi. Baada ya wiki mbili mizizi mipya ilitoka, myeupe kama tambi za supu. Hata maji yenyewe yalibadilika. Zamani yalikuwa na wekundu kidogo, kama chai iliyochujwa mara ya pili, na sasa yalitoka kwenye mabomba yakiwa maangavu kabisa. Nevio alikuwa akiwaleta jirani zake wayaone, akiinua glasi juu dirishani utadhani ameyatengeneza yeye.

Wiki ya tatu vilele vya matango vikageuka manjano. Majani ya chini yalikuwa mazima. Yale machanga ya juu ndiyo yaliyoharibika, mishipa ya kijani na katikati rangi ya siagi. Kila asubuhi manjano ilikuwa imekula jani moja zaidi. Nevio akaogopa kwamba ni kirusi na kwamba kitahamia nyumba nyingine. Jumatatu akatoa amri: Ijumaa saa nne asubuhi mashine itolewe na matango yote yang'olewe.

"Nimekupa nafasi, binti," akamwambia Justina. "Sitakupa shamba zima."

Nilikipima chakula changu mara tatu. Namba ile ile, haikusogea hata nukta. Nikamtangazia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka: "Kwangu ni sawa. Tafuteni kwenye taa."

Justina hakulia wala hakupiga simu chuoni. Jumanne alipanga ndoo nne sakafuni, akachota chakula changu kutoka tangi moja, akazijaza zote.

"Ya kwanza sitii kitu. Ya pili naweka mwanga peke yake. Ya tatu umeme peke yake. Ya nne vyote viwili. Tutaona ni nani anayeharibu."

"Na ya tano ya kunawia miguu?" Everton akauliza.

"Ya tano nitakutosa wewe kichwa chini."

Jumatano asubuhi nilifika kabla ya wote, theluji ikiwa bado kwenye viatu, nikaenda moja kwa moja kwenye zile ndoo. Ya kwanza ilikuwa na wekundu wake. Ya tatu vivyo hivyo. Ya pili ilikuwa imefifia kidogo. Ya nne maji yake yalikuwa maangavu, na chini kabisa palikuwa na vumbi la rangi ya matofali. Nikaligusa kwa kidole. Kutu.

Nilielewa papo hapo. Wekundu wa chakula changu ni chuma. Huwa tunakitia kikiwa kimefungwa ndani ya dawa inayokifanya kiyeyuke, la sivyo mmea hauwezi kukinywa. Ile oksijeni yenye hasira ilikuwa inaunguza vijidudu, na ikishamaliza inaunguza na ile dawa, chuma kinaanguka chini kikiwa kutu. Mmea unaokosa chuma huwa manjano kuanzia kileleni, jambo hili nimewafundisha wapishi wangapi! Na kipimo changu kisingeweza kuniambia, kwa sababu chuma ni chembe tu katika chumvi zote zile. Kilihesabu chumvi. Hakikujua majina yake.

Justina akaingia, akachuchumaa kando yangu.

"Shangazi, huu wekundu ni wa nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Badala yake nikasema, "Sijui. Labda vumbi la mabomba."

"Vumbi."

"Nimesema sijui."

Akanitazama muda mrefu, akainuka, akaenda zake. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tangu niolewe. Lakini niliinyamazia Jumatano yote, na Alhamisi yote, nikijiambia kwamba mashine ni yake, basi na lawama ni yake. Kwenye chakula cha mchana mikate yangu ilirudi kwenye mfuko kama ilivyokuja.

Ijumaa saa tatu na nusu Everton alikuja na watu sita, visu na mikokoteni. Hakuwa na kichekesho hata kimoja. Nevio alisimama kwenye njia ya katikati anatazama saa. Justina alikuwa kando ya mabomba yake, mikono kwenye koti, kidevu juu. Everton akashika kamba ya kwanza iliyobeba mmea, akainua kisu.

"Everton, weka kisu chini," nikasema.

"Neta, usianze," Nevio akasema.

"Ni chuma. Mashine inakula chuma. Matango haya hayaumwi, yana njaa, na aliyeyalaza njaa ni mimi."

"Ulisema kipimo chako kiko sawa."

"Kipimo kiko sawa, mimi ndiye siko sawa. Msichana huyu aliomba maabara siku ya kwanza, nikamkatalia mbele yako, ukanisikiliza mimi. Na Jumatano niliiona kutu ndani ya ndoo, akaniuliza ni nini, nikamdanganya."

Everton akashusha kisu.

"Mama Neta amekosea," Everton akanong'ona. "Leo jua limetokea magharibi."

"Na dawa yake?" Nevio akauliza.

"Chuma kiwekwe kwenye tangi la peke yake, kiingie maji yakishapita kwenye taa. Nipe siku kumi. Zikipita bure, yang'oe matango na mimi uning'oe pamoja nayo."

Nevio akafikiri, akatema ganda la mbegu. "Siku kumi. Lakini funguo za chumba cha matangi mpe Justina."

Niliutoa mkufu wa funguo shingoni, nikampa. Uliniuma, sitasema uongo.

Siku ya nane vilele vilianza kutoka vya kijani. Ya kumi, Nevio alipita mstari kwa mstari, akageuza majani kwa vidole vyake vinene, akamwambia Justina aagize mabomba mengine ya Nyumba ya Sita. Alipoondoka tukabaki wawili, Justina akiwa anaandika namba kwenye daftari lake.

"Mimi ni mkemia, Shangazi," akasema bila kuinua macho. "Kutu naijua."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Kwa sababu Nevio hanisikilizi mimi. Ningesema mimi, angesema nakusingizia ili niokoe mashine yangu. Ilibidi litoke kinywani mwako."

"Na kama nisingesema?"

"Ningesema. Saa nne kasoro dakika moja, kwa sauti, mbele ya wote. Nilikuwa nahesabu."

Nikamwambia nisamehe. Sijui mara ya mwisho nilimwambia nani maneno hayo.

"Bado," Justina akasema. "Niulize tena wiki ijayo."

Wiki iliyofuata nilimuuliza tena.