Hisa za Wati Elfu Mbili

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya harusi ya binti yangu Nura, swichi kuu ya nyumba yetu ya Cibitoke, Bujumbura, ilikata umeme kwa mara ya tatu. Niliinusa: plastiki iliyoungua. Ikikata tena haitarudi, na ina lakiri ya shirika la umeme. Mwenye ruhusa ya kuifungua haji kabla ya Jumatatu. Ndani ya friza kulikuwa na kilo sitini za samaki, sangala wa ziwani kutoka Kajaga, chakula cha wageni wote.

Nina diploma ya umeme, kazi yangu ni kutengeneza mota za vinu. Nilichukua chaki nikaandika ukutani uwezo wa swichi: volti 220 mara ampea 10 ni wati 2,200.

"Friza inakula mia mbili," niliwaambia ndugu waliojaa sebuleni. "Zinabaki elfu mbili. Kila mutu aniulize kabla ya kuchomeka kitu."

Shemeji yangu Atumani, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye anayeitwa mtaani kugawa mirathi. Aliposikia kuna kilichobaki, alivaa miwani.

"Wanaume watatu, wanawake wane. Mwanaume hisa mbili, mwanamuke moja. Hisa kumi, kila hisa wati mia mbili."

"Shemeji, hakuna aliyekufa."

"Swichi iko karibu."

Wifi yangu Sikuzani alikuwa ameshika pasi ya wati elfu moja na gauni la bibi harusi. "Mi na mia mbili nipige pasi nini? Kola?"

"Omba kwa wenzako," Atumani alisema.

Sikuzani akazunguka sebule. Mimi na Nura tulitoa zetu bure. Dalia, dada yangu, alitoa kwa sharti la kukaa meza ya mbele. Mwanangu Faris, mwenye mia nne na simu iliyokwisha kujaa, alitaka kwanza aitwe patron, bosi.

"Patron, utuhurumie," Sikuzani alisema, akapiga goti.

Akapata elfu moja na mia mbili. Sikupinga upuuzi huo, maana jumla ilikuwa sahihi.

Alikuwa amemaliza mkono mmoja wa gauni iliposikika tak! Friza ikanyamaza.

Jikoni, Atumani alikuwa amesimama kando ya birika la umeme.

"Shemeji! Hiyo iko ya elfu mbili!"

"Ikijaa," alisema kwa upole. "Inaingia glasi tano. Mi nimetia glasi moja. Elfu mbili gawa kwa tano, mia nne. Hisa yangu kamili, sikuzidisha hata moja."

"Birika haihesabu glasi! Hata ukitia kijiko inakula elfu mbili. Ongeza elfu ya pasi na mia mbili za friza, gawa kwa 220: ampea kumi na nne na nusu!"

"Basi birika ndiyo imedhulumu."

Nilisukuma swichi. Ilicheza kama jino bovu.

Hesabu iliyobaki ilikuwa fupi: kilo sitini, joto la Bujumbura, saa chache. Mume wangu Abdu alikwenda kumwomba shehe aje leo hii. Sikuzani na Dalia walikusanya majiko ya makaa ya mtaa mzima. Mimi nilimpigia simu bwana harusi, Rayan, aliyekuwa bandarini akitoa saruji ya mteja.

"Mama, harusi si Jumapili?"

"Sangala hawangoji. Kuja."

"Hivi nilivyo?"

"Osha uso."

Alioa alasiri, vumbi la saruji kwenye nyusi. Nura alikaa upande, mkono uliopigwa pasi ukielekea wageni. Samaki waliliwa wote, hata vichwa.

Atumani alinifuata nikiosha sufuria, mkononi ana ile glasi moja ya maji ya birika, bado ya baridi.

"Mama Nura," alisema, "Jumatatu umeme ukirudi, usisahau. Zile mia nne zangu sijazitumia."